Pumua Kwanza, Ndiyo Nikupime

Subira yangu iliishia kwenye veranda ya shule, saa ya mapumziko, nilipomwona mwanangu anavuta tumbo ndani.

Niseme ukweli, sikwenda kugombana. Nilikwenda kupeleka kitambaa cha sare ya ngoma, maana watoto wa darasa la pili walikuwa wacheze kwenye mahafali ya kaka na dada zao wa la saba. Nikakuta wamepangwa foleni, mwalimu wa darasa ameshika tepu ya kupimia, na kila mtoto akipimwa namba inatangazwa kama bei mnadani. Ilipofika zamu ya binti yangu, mwalimu akamzungushia tepu kiunoni, akatoa macho.

"Heee! Huyu mama yake alete vitambaa viwili. Bonge la mtu!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Binti yangu naye akacheka, kile kicheko cha kuwahi ili wasikucheke peke yako. Halafu akabana pumzi, akavuta tumbo mpaka mbavu zikatokeza.

"Pima tena, madam. Nimepungua."

Ndugu yangu unayesoma hapa, mtoto wa la pili huyo. Ndipo nikaelewa kwa nini chakula ninachomfungia kilikuwa kinarudi nyumbani hakijaguswa, na mie nilikuwa namgombeza kwamba anaringia chapati.

Nikamnyang'anya mwalimu tepu. "Haya, geuka na wewe nikupime, niwasomee watoto."

"Mama jamani, utani tu huo," akasema, huku amejishika kiuno. "Tena nilitaka nikwambie, tumemhamishia mstari wa nyuma. Mbele tunaweka wembamba ili picha zikae vizuri. Si kwa ubaya, lakini."

Mstari wa nyuma! Mtoto anayeongoza hatua, aliyewafundisha wenzake kugeuka, anayecheza mpaka sahani zetu kabatini zinalia. Nilimshika mkono tukaondoka. Nilikuja kugundua baadaye kwamba tepu ya shule nimeondoka nayo kwenye mkoba, pamoja na kile kitambaa nilichopeleka.

Tunakaa Segerea, na kutoka shuleni hadi nyumbani tunatembea. Njiani mwanangu alikuwa anapiga kopo la maji kwa mguu, kisha akaniuliza, "Mama, na wewe ulivyokuwa mdogo ulikuwa bonge?"

Nikajikuta nacheka na hasira zangu zote. Mie? Mie nilikuwaga njiti.

Nililelewa Temeke na bibi mzaa mama, kwenye ile nyumba ya ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, wapangaji wamejaa. Bibi alitoka bara kumfuata babu, aliyekuwa kibarua wa bandarini Kurasini, na babu alipofariki yeye hakurudi. Alitoa cherehani chumbani akaiweka barazani, akawa fundi wa mtaa. Nikifumba macho leo nausikia ule mguu wake kwenye pedali, nasikia harufu ya mafuta ya cherehani na pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa maji. Na ikifika alasiri, inaingia harufu ya kaimati kutoka kwa mama wa dukani.

Lazima nikwambie kuhusu mama wa dukani. Wazazi wa wazazi wake walitoka Uarabuni, duka lao lilikuwepo kabla mtaa haujawa mtaa. Alikuwa mnene, mnene kweli, na ndiye aliyekuwa mrembo wetu. Akitoka dukani kwenda kwake, taratibu, bangili zinagongana, wanaume kibarazani walikuwa wanasahau zamu ya nani kwenye drafti. Wanawake wakija kushonesha walimwambia bibi, "Nikae kama mama wa dukani." Bibi anawajibu, "Nguo naweza. Hayo mengine kamuombe Mungu."

Enzi hizo mtu akikwambia umenenepa, unashukuru. Umenawiri, Dar imekukubali. Akikwambia umepungua, hapo ndipo unaanza kujieleza: nilikuwa na malaria, nilikuwa na msiba. Sasa fikiria mie na miguu yangu kama vijiti vya mishikaki. Shuleni niliitwa njiti, fito, mbu. Watu wazima walikuwa hawaniiti kitu, walimsema bibi: "Mama, hivi huyu mjukuu wako humpi chakula?" Bibi alichukia kusemwa hivyo kuliko kitu chochote. Asubuhi ananisimamia na mwiko mpaka bakuli la uji wa ulezi na karanga liishe, na mama wa dukani akiniona napita ananiita, "Njoo mwanangu, kula upate nyama." Nakula kaimati mpaka vidole vinanatana. Sijui zilikuwa zinaenda wapi.

Kazi zangu barazani zilikuwa kufagia vipande vya vitambaa, kumtungia bibi sindano, na kuokota pini kwa sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Ila kazi niliyoipenda ni kushika kamba.

Bibi hakuwa anapima kwa tepu. Tepu alikuwa nayo, ya kupimia vitambaa. Mtu alimpima kwa kamba nyeupe ya pamba: anamzungushia kifuani, anapiga fundo. Kiunoni, fundo. Nyonga, fundo. Hakuna namba, hakuna kuandika, hakuna kusema. Mie nashika ncha ya pili na mdomo nimefunga. Akimaliza, anafunga mwishoni kipande cha kitambaa cha nguo ya kwanza aliyomshonea yule mama, ili aijue, anaining'iniza msumarini nyuma ya mlango wa chumba. Mlango ule ulikuwa umevaa kamba kama nywele. Mtaa mzima wa wanawake ulikuwa pale, wanene kwa wembamba, na hakuna aliyeweza kuingia akasema hiki ni kiuno cha nani.

Mtu akirudi amenenepa, nguo imekataa kufunga, bibi anaitazama nguo kwa dharau. "Vitambaa vya siku hizi vinarudi sana vikifuliwa." Basi. Anafungua fundo, analisogeza. Akirudi amekonda, kitambaa kimelegea. Kila siku kosa la kitambaa. Maskini kitambaa.

Siku moja alikuja jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa amejifungua mtoto akampoteza, alikaa ndani muda mrefu, na siku hiyo alitoka kwa mara ya kwanza kwa sababu mdogo wake anaolewa na sare lazima. Gauni alilovaa lilikuwa linamning'inia kama limeanikwa. Wenzake walikuwa wamekaa barazani wanasubiri zamu, mmoja akajishika mdomo. "Shoga! Umekwisha! Mbona umebaki macho tu?"

Bibi alisimamisha cherehani. "Nyie, leo sishoni. Kesho."

"Bibi, si umetuita mwenyewe?"

"Nimesema kesho. Hamna nyumba nyie?"

Walipotoka akampeleka yule mama chumbani, akashusha pazia. Akaitoa kamba yake pale mlangoni, akayafungua mafundo yote, moja moja, kwa meno pale yalipokaza, mpaka kamba ikawa nyeupe tupu. Akampima upya kama mtu aliyekuja kwa mara ya kwanza. Mie nimeshika ncha. Bibi alipiga fundo la mwisho, akasema, "Hili gauni nitalitia bitana. Litakaa vizuri." Yule mama akalia hapo, akalia sana, na bibi akaendelea kukunja kitambaa kama vile haoni, ili alie bila kuangaliwa.

Siku ya harusi alipendeza. Mama wa dukani alimwambia mbele za watu, "Umeng'aa." Hakusema umenenepa wala umepungua. Nafikiri bibi alishapita dukani.

Usinielewe vibaya, bibi hakuwa malaika. Ukidondosha pini anakupiga kidole na rula. Lakini mwili wa mtu alikuwa haugusi kwa mdomo.

Mie mwenyewe nilipimwa rasmi nilipofikia komunyo ya kwanza. Wasichana wote kigangoni walikuwa wanaenda kuvaa magauni meupe, na nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitaonekana mti wa bendera. Asubuhi ile nilikunywa maji vikombe mpaka nikasikia yanacheza. Bibi aliposhika kamba nikajaza pumzi, nikatoa tumbo nje, nikatoa na kifua ambacho sikuwa nacho.

Bibi akasubiri. Mie nimevimba kama chura. Akasubiri tu, kamba mkononi, mpaka macho yakaanza kunitoka.

"We mke mwenza," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu, "pumua kwanza, ndiyo nikupime. Mie sishoni nguo ya mtu asiyepumua. Ukivaa itakushika wapi?"

Nikapumua. Tumbo likarudi mahali pake. Akapiga mafundo yake akaning'iniza kamba yangu, akaweka marinda mengi kiunoni, na nilivyozunguka lile gauni lilifunguka kama mwavuli. Hakuna aliyeniita njiti siku ile. Au waliniita, sikusikia, nilikuwa nazunguka.

Sasa unaona? Mie nilikuwa natoa tumbo nje, mwanangu analivuta ndani. Na wote wawili tumebana pumzi mbele ya mtu anayetupima.

Bibi alipofariki, wajomba walisafisha chumba. Kamba waliziona uchafu. Nilikuta zimeshachomwa na majani uani, na hata mie sikuwa nimejua kwamba ni kitu cha kutunza. Nyumba nzima ilipangishwa. Mwaka huu nilipita, pale ilipokaa cherehani kuna fremu ya duka la vipodozi, na kwenye meza moja wamepanga chai ya kukata tumbo, pembeni yake dawa ya kuongeza makalio. Mwili mmoja huo huo, unaambiwa upungue huku na uongezeke kule. Duka la mama wa dukani limefungwa, watoto wake wamehama. Angekuwepo leo, huyo mrembo wetu aliyesimamisha drafti, si ajabu naye wangempanga mstari wa nyuma.

Na yule mwalimu, nimemfikiria sana. Ni binti mdogo. Nimewahi kumwona, wenzake wanakunywa chai ya saa nne na vitumbua, yeye ana chupa ya maji ya limao, amefunga mkanda wa kubana tumbo chini ya blauzi hadi anakaa wima kama amemeza fimbo. Kuna mtu alimtangaza na yeye, mahali fulani, mbele za watu. Namuonea huruma kweli. Lakini mkanda wake asimfunge mwanangu.

Nyumbani nilitafuta uzi mnene wa kushonea viroba, nikamwita binti yangu. Akasimama, akavuta tumbo ndani. Nikasubiri, uzi mkononi.

"Pumua kwanza, ndiyo nikupime."

"Nikipumua linatoka."

"Litoke. Lina njaa hilo."

Akanitazama kama anatafuta mtego ulipo. Kisha akaachia, na kitumbo kikatoka, cha mviringo, changu na cha baba yake. Nikapiga fundo.

"Ngapi, mama?"

"Sijui. Ni fundo."

Akalishika, akalibonyeza kwa kidole, akaona halina namba. Nikafunga mwishoni kipande cha kitenge cha sare, nikauning'iniza uzi nyuma ya mlango. Alikula chapati nusu. Ile nusu nyingine aliiangalia kwanza, akaila.

Niliambiwa na watu niyaache, mtoto atasahau. Mie sijasahau njiti na nina watoto. Kesho yake nilikaa nikaandika barua, shukrani kwa elimu yangu ya sekondari, na nikaipeleka kwa mkono wangu, nakala moja kwa mwalimu mkuu, nyingine ofisi ya elimu kata, zote zikagongwa muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu. Niliandika hivi:

*Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la pili shuleni hapa. Nalalamika rasmi kwamba mwanangu alipimwa kiuno hadharani, kipimo chake kikatangazwa, na akaitwa bonge na mwalimu wake mbele ya wanafunzi. Kabla ya hapo alishahamishwa kutoka mstari wa mbele wa ngoma, anaouongoza, kwa sababu ya unene wake na si kwa sababu ya uchezaji wake. Tangu waanze kumcheka ameacha kula shuleni.*

*Naomba watoto wote wapimwe faragha, mmoja mmoja, na vipimo visisomwe kwa sauti. Naomba mwanangu arudishwe mstari wake. Naomba mwalimu amtake radhi mbele ya wale wale waliocheka, na simtakii mwalimu huyo kufukuzwa kazi. Kama sare haimtoshi mtoto, kosa ni la sare, na mimi niko tayari kuishona mwenyewe.*

*Pamoja na barua hii narudisha tepu ya shule niliyoondoka nayo kwa hasira. Naomba itumike kupimia vitambaa.*