Mashine Moja, Mauzo Matatu

Siku ya kwanza kazini nilishuka Bariadi na daftari jipya, rula na penseli nne zilizochongwa. Takwimu sikuzisomea, nilijifundisha kwa kitabu cha kuazima, na hofu ya kugundulika haikuniacha hata siku moja. Biashara ilikuwa imefunguliwa, bidhaa za nje zikiingia kwa wingi, na kampuni moja ya Mwanza iliyoleta mashine za gemu za kuunganisha kwenye televisheni ilitaka kujua zinauzwa kiasi gani. Kazi yangu ilikuwa kukisia.

Nawaandikia ninyi mtakaoifanya baada yangu. Kulikuwa na mauzo ya kuingia, yaani mashine zilizotoka stoo ya Mwanza kwenda madukani, na mauzo ya kutoka, zile zilizofika kwa wateja. Ya kwanza yalikuwa kwenye hati. Ya pili hayakuwa popote. Kwa hiyo nilichagua maduka matatu, nikawaomba wenyewe wachore mstari kila mashine inapouzwa, kisha nikazidisha kupata wilaya nzima. Kwa misimu miwili chati ilipanda bila kuyumba. Niliipenda kuliko nilivyopaswa.

Msimu wa tatu nilikuta katika duka la Masanja, mojawapo ya yale matatu, mashine yenye alama ya kuungua kwenye kifuniko. Niliwahi kuiona kijijini Kasoli, kwa mkulima aliyeiendesha kwa betri ya gari.

"Hii si ya yule mzee wa Kasoli?"

"Ilikuwa yake. Nimeiuza mara tatu hiyo," Masanja alisema. "Pamba ikilipwa wananunua, njaa ikianza wananirudishia kwa bei ya kutupa."

"Na kila mara ulichora mstari?"

"Si ulisema nichore ikiuzwa? Imeuzwa. Au ulitaka nichore ng'ombe?"

Wenye maduka wale wengine wawili walinijibu vivyo hivyo. Nikasafiri hadi Mwanza kwa Meneja Mauzo. Alinisikiliza huku akisaini barua zake.

"Kijana, makisio yanaruhusiwa kukosea. Hayaruhusiwi kuchelewa."

Ningeweza kubisha. Lakini kusahihisha kulimaanisha kukiri kwamba ripoti zangu zote zilikuwa na kosa, na hilo sikuliweza. Nikaipeleka ripoti ya msimu ule ilivyo, safi, bila kufuta popote.

Wiki iliyofuata Bi Zuhura, muuza vitenge niliyepanga chumba uani kwake, aliniita barazani.

"Mwanangu, kampuni yenu inanishawishi niache vitambaa, nijaze mashine za gemu. Wewe ndiye unayehesabu. Watu wananunua kweli?"

"Ripoti inaonyesha mauzo yanapanda," nilisema.

Hilo lilikuwa kweli, na nilijua halikuwa jibu.

Aliuza vitenge vyote, akauza na cherehani mbili, mafundi wake wakaondoka. Mashine zilifika pamba ikiwa imeshalipwa na pesa zimeshatumika. Ziliuzwa chache. Kisha chakula kikaadimika, na watu wakaanza kuja dukani kwake wamebeba mashine zao kwapani.

"Mwadila, mayo," mkulima mmoja alimsalimia mama huyo kwa Kisukuma. "Utaninunulia hii? Bado inacheza."

Bi Zuhura alinitazama mimi, si yeye.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Hakupaza sauti. "Basi njoo unisaidie kufunga maboksi. Narudi kwetu Tabora."

Tulifunga maboksi kutwa nzima. Kampuni ilikataa kurudishiwa mashine. Kwenye hati za Mwanza mashine zake zote zilikuwa zimeshauzwa, kwa kuwa zilikuwa zimetoka stoo.

Nina miaka ishirini na sita na nimestaafu. Nyumbani wanadhani naumwa. Ninachojua kuhusu kazi hii ni kidogo: namba inaweza kujumlishwa sawasawa na bado ikamfukuza mtu dukani kwake. Mwezi ule Bi Zuhura alipohama, Bariadi ilitajwa kuwa soko bora la kanda, na Meneja akanitumia barua ya pongezi. Nilimwandikia ya kuacha kazi. Niliinakili upya mara saba, isiwe na kosa.