Gaju, Ng'ombe Aliyeninyonyesha

Nilipokuwa mtoto kule kijijini Luberizi, watu waliniita Kanyana, yaani ndama mdogo wa kike, na sikuona ajabu yoyote katika jina hilo. Mama yangu alifariki siku aliyonizaa. Baba alikuwa amefuata kazi mbali. Aliyebaki na kitoto kinacholia ni bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Nyogokuru. Katika ua wake kulikuwa na ng'ombe mwekundu aitwaye Gaju, naye alikuwa amezaa karibuni. Nyogokuru alikamua, akachemsha, akazimua kwa maji, akaninywesha kwa kijiko. Nikaishi.

Wazee wa kwetu walishikilia kwamba mtoto aliyelelewa kwa maziwa ya ng'ombe mmoja ni ndugu wa ndama zake. Akimla ng'ombe huyo, amemla mama yake. Hataugua ugonjwa wa kupelekwa hospitali, walisema, bali hata akiwa nyumbani kwake atajiona mgeni, na hakuna mlango utakaompa usingizi. Mimi niliamini neno kwa neno. Nilipopita karibu na Gaju nilimwamkia kama ninavyomwamkia mtu mzima, na hakuna aliyenicheka.

Cha kushangaza ni kwamba Nyogokuru hakuwa mtu wa kutishwa na miiko. Wanawake wa rika lake walikuwa hawali nyama ya mbuzi, wakiambiwa itawaharibia hiki na kile. Yeye aliila waziwazi, tena mbele ya wakwe. "Mungu alinipa meno ya nini?" aliuliza. Alipenda mbavu kuliko chakula chochote duniani. Aliuvunja mfupa, akaunyonya mpaka ukalia filimbi.

Mwaka niliopokea Komunio ya kwanza, Gaju alikuwa amezeeka. Hazai tena, hakamuliwi. Msimamizi wa sherehe alikuwa baba mdogo, Melkiori, mtu mkarimu aliyeogopa jambo moja tu: wageni kurudi kwao na njaa.

"Mama, Gaju iko muzee," alimwambia Nyogokuru. "Haina faida tena. Tuichinje, watu wakule."

"Gaju iko na mutoto katika nyumba hii," Nyogokuru akajibu.

"Hayo ni mambo ya zamani. Padri mwenyewe anakula nyama!"

"Padri hakunyonya Gaju."

Walibishana mpaka sauti zikapanda, na Melkiori, aliyekuwa mwenye jukumu la heshima ya ukoo, hakukubali. Mchinjaji akaitwa.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nimesimama uani na gauni langu jeupe, nimekatazwa kukaa nisije nikachafuka. Wakamtoa Gaju zizini kwa kamba. Alipofika usawa wangu akasimama. Mchinjaji akavuta, hakwenda. Akainamisha kichwa, akanilamba, kuanzia tumboni hadi kidevuni, polepole, vile ng'ombe anavyomlamba ndama aliyemzaa sasa hivi. Ulimi wake ulikwaruza kama msasa. Gauni likabaki na alama ya kijani kibichi ya majani.

Mchinjaji aliachia kamba. "Minye siwezi," akasema. "Mutafute muntu mwengine. Hii inajua mutoto wake."

Ninajua leo kwamba ng'ombe hulamba chumvi ya jasho, na asubuhi ile nilikuwa nimelowa jasho la hofu. Ninajua, na bado ninaposimulia mkono wangu hukimbilia kidevuni.

Melkiori akaiokota kamba. Alimrudisha Gaju zizini mwenyewe, kisha akatoa mbuzi wake wawili. Mmoja alikuwa na kitoto. Tulipokuwa tunaelekea misani nilikisikia kikilia, na tuliporudi kilikuwa bado kinalia.

Wageni wakakaa. Nikawekewa sahani ya kwanza kwa sababu sherehe ilikuwa yangu. Nikaiangalia.

"Kula, Kanyana," Melkiori akasema.

"Mbuzi naye alikuwa na mtoto," nikajibu.

Mtoto kukataa nyama ya sherehe yake mwenyewe ni kumtukana aliyechinja. Mgeni mmoja aliguna. Mwingine akanong'ona kwamba labda nimerogwa, na neno la namna hiyo likishatoka mdomoni kwa watu wa kwetu, humfuata mtoto hadi utu uzima. Melkiori alikuwa amesimama na bakuli mkononi, jasho likimtiririka.

Nyogokuru alikuwa amekaa mahali pa heshima. Mbele yake walikuwa wameweka mbavu, fungu zima, zikitoa mvuke. Alizitazama kwa muda. Kisha akaisukuma sahani kwa jirani yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Weye Melkiori, umefanya vizuri, wageni wamekula. Lakini Kanyana hatakula peke yake. Tokea leo, minye na yeye tuko chungu kimoja. Niletee maharage."

Akala maharage, wali na mboga ya lengalenga, akiongea na kucheka kama bibi harusi. Hakuna aliyethubutu tena kusema nimerogwa. Nani angesema na Nyogokuru pia amerogwa?

Nilidhani ni maneno ya siku moja. Hayakuwa: mimi sikugusa nyama tena, naye hakuigusa. Katika harusi nilimwona akifumba macho moshi wa nyama ulipompitia, akameza mate, akaomba ndizi. Gaju alipokufa kwa uzee, majirani walikuja na visu wakidhani kuna mgao. Melkiori aliwarudisha kwa upole, akachimba shimo kwa mikono yake.

Baadaye nilihamia Uvira, mji ulio kando ya ziwa, mtaa wa Kimanga, ninaposhona nguo hadi leo. Huko ziwani kila nyumba inanukia ndagala, vile visamaki vidogo vya kukausha, na nilishindwa kuona mpaka uko wapi kati ya mbuzi na samaki. Nikaacha samaki pia. Nilipompelekea Nyogokuru habari hiyo alishika kiuno. "Weye unaenda mbele tu! Na hii miguu ya uzee itakufuata aje?" Lakini akafuata.

Alipougua nilimleta kwangu. Mganga wa hospitali akashauri supu ya samaki, apate nguvu. Nilinunua mukeke mnono, nikaupika kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nikamketisha.

"Kunywa, Nyogokuru. Mimi nimekua, sihitaji mwenzangu tena. Nakufungua."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nani alikuambia nilifungwa?"

Akaomba maharage. Nikampa, tukala, supu ikaenda kwa majirani.

Watu huniuliza kama ni dini, au ni daktari, au ni mambo ya wazungu. Huwa nasema tu kwamba sili. Hadithi ya mwiko ningeweza kuisimulia, na ningekuwa nasema kweli, lakini si yote. Mwiko uliniingia kwa hofu, kama unavyomwingia kila mtoto. Aliyeutoa hofu ni mwanamke aliyependa mbavu kuliko chakula chochote, akaziacha siku ya sherehe, mbele za watu, bila kuombwa, na hakuona kwamba amepoteza kitu.