Jicho la Felista na Kamera ya Mkanda

Felista wa kijiji cha Ngana hapendi kuonewa huruma, na tangu mpunga umharibie jicho la kulia alikuwa anaonewa huruma kila siku ya Mungu. Punje iliruka wakati wa kupiga mpunga, akafikicha, akaenda zake kulala. Asubuhi jicho limevimba, baadaye likafifia moja kwa moja. Kwa nje huwezi kujua. Lakini kijiji kilijua, na kilimchosha. Akishika sindano ananyang'anywa. Akipita kwenye tuta la jaruba anashikwa mkono kama bibi harusi. Mumewe Zebedayo, mtu mwema mpaka anaudhi, alikuwa akimkatia nyama kwenye sahani.

Basi aliposikia mzee Eliud, aliyekuwa na studio Kyela mjini, anafundisha kupiga picha Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, alijiandikisha bila kumuuliza mtu. Mzee Eliud hataki simu. Anasema mwenye simu hupiga picha mia asiangalie hata moja. Kwake mwanafunzi aje na kamera ya mkanda, hata kuukuu, ajifunze kufikiri kabla ya kubonyeza. Felista alimpenda kwa maneno hayo. Ila habari za jicho alizinyamazia. Wakijua, aliwaza, watanipa kazi ya kupanga viti.

Kamera zilikuwa kwa Aliko, kijana anayeuza redio na pasi za mtumba karibu na soko la Kyela; vitu vingi huvitoa kwa wajomba zake Karonga, ng'ambo ya mpaka Malawi. Alikuwa nazo mbili. Moja inang'aa, na kamba ya ngozi nyekundu. Ya pili imechubuka kama sufuria ya msibani. Felista akachukua inayong'aa, nani asingeichukua? Akaiweka kwenye jicho la kulia, kama wanavyofanya wapiga picha wa harusi.

"Unaonaje, mama?" Aliko akauliza.

"Safi kabisa. Naona mpaka ng'ambo ya barabara."

"Na yule mama wa ndizi?"

"Namwona, na ndizi zake."

Aliko akainamisha kichwa asimcheke mtu mzima. "Samahani, mama. Kifuniko cha lenzi sijakitoa. Hapo hata mimi ningeona giza tu."

Aibu aliyoipata Felista haisemeki. Alitaka kuiacha kamera mezani aende zake stendi. Lakini kuficha nako kunachosha, akasema yote: mpunga, jicho, mzee Eliud, viti.

Aliko hakusema pole. Alitoa kifuniko, akasema, "Jaribu kushoto."

Ile inayong'aa, ili ipime mwanga, ni lazima uvute nje kijimkono cha kusogezea mkanda. Kwa mwenye kutumia jicho la kushoto kikamchoma katikati ya nyusi, karibu na jicho lake zima.

"Hii hapana," akasema Felista. "Nimebakiwa na hili tu." Wakacheka wote wawili.

Kijimkono cha ile iliyochubuka kilijilalia kimya. Aliko akafungua mgongo wa kamera, wakaielekeza lenzi kwenye mwanga kutafuta kuvu, maana kwa mvua za Kyela kuvu huota popote. Hakuna. Felista akaweka jicho la kushoto, na mama wa ndizi akatokea humo, anajipepea kwa kitenge. "Ndaga fijo, baba," Felista akamshukuru Aliko kwa Kinyakyusa. Akaichukua hiyo.

Jumamosi hofu ilikuwa palepale. Mzee Eliud aliwasimamisha wanafunzi uani. "Wekeni kamera jichoni. Jicho la pili lifumbeni."

Kumbe kufumba jicho moja si mchezo. Nancy wa saluni alikunja uso mzima, mdomo ukaenda upande. Mwanakwaya mmoja akafumba yote mawili. Felista ametulia tuli, kamera kwenye jicho la kushoto, hana haja ya kufumba. Mzee akasimama mbele yake.

"Mama, nani alikufundisha?"

Angeweza kudanganya. "Mpunga, mwalimu," akasema. "La kulia halioni."

Mzee akamtazama, akaitazama kamera, akawageukia wengine. "Mnaona? Mwenzenu kaja amemaliza somo la kwanza. Nancy, rudisha mdomo mahali pake."

Felista alicheka mpaka akabonyeza bila kukusudia. Picha hiyo ilipokuja kusafishwa ilitoka imetikisika, uso wote wa Nancy umekwenda upande, na mzee Eliud alitaka kuitupa. Felista akamzuia. Siku ile pale uani walicheka naye, wakamtania, na hakuna hata mmoja aliyemwonea huruma. Picha hiyo aliitaka sana.