Mfinya Majaketi

Usiku ambao Colton hakurudi kutoka kuwinda kulungu kwenye milima ya Montana, mzee muuza majaketi alikuja kungoja na Verna, mama wa kijana, kwa kuwa ndiye aliyemuuzia Colton jaketi alilovaa. Dukani hupima kila jaketi kwa namna moja: hulifinya ngumini, huliachia, kisha hutazama manyoya ya bata yaliyo ndani yakiinuka kama unga uliotiwa hamira. Halafu hupuliza kitambaa kusikia kama upepo utapita. Mwenyewe huvaa sweta lililotobolewa na nondo, na hajawahi kuwinda hata sungura.

“Litamfaa, dada,” alisema, huku akifinya mto wa kochi. “Mradi asitembee nalo. Likilowa jasho, manyoya yanalala na joto linatoka.”

“Ulimwambia?”

“Nawaambia wote.”

“Na wanasikia?”

Akaufinya mto tena. Haukuinuka.

Kulipopambazuka mlango ukafunguka. Colton aliingia akitetemeka, na theluji kwenye nyusi. Verna akamkumbatia akilia. Mzee akakimbilia mkono wa jaketi, akaufinya. Maji yakachuruzika.

“Umetembea nalo, mjinga wewe!”

“Ningekaa, mzee, ningekuwa bado huko.”

Mzee akainama, akaanza kukipuliza kitambaa kama afanyavyo dukani.