Kabichi Niliyoianika Kama Ndimu

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, ulikuwa bado unanyonya, nilipoiweka chupa ya mdomo mpana yenye kabichi juu ya bati la jiko, juani. Ndivyo tunavyofanya achari ya ndimu hapa Bagamoyo, na mimi, mtu wa kidato cha nne, sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Kabichi mbili baba yako alizinunua Msata, kwenye lori lililotoka Lushoto. Bi Zuhura, jirani yetu aliyekuwa akiwapikia wageni kule Mbegani, alinieleza: ikate nyembamba, itie chumvi, ifinye kwa mikono hadi itoe maji yake, changanya bizari nzima na pilipili manga, kisha iache ichachuke yenyewe. Bila siki! Hilo likanikaa kichwani. Bila siki, uchachu unatoka wapi? Nikajijibu mwenyewe: juani, kama wa ndimu.

Siku ya tatu chupa ilinuka kama mtaro. Bibi yako mzaa baba akaimwaga nyuma ya choo kabla sijachungulia.

"Bibi Kidato, shuleni walikufundisha kuozesha chakula?"

Nilifura. Si kwa kumwagiwa kabichi. Kwa kutojua kilichoharibika ni nini.

"Imebaki moja, mama," nikamwambia.

"Na chupa ndiyo hiyo hiyo. Ikinuka tena inarudi kwenye ndimu zangu, na wewe usiiguse."

Nikamwendea Bi Zuhura. Alicheka hadi kanga ikamvuka. "Juani? Ndimu ndiyo inataka jua, we mwanamke! Kabichi inataka kivuli, na isichomoze nje ya maji yake."

Safari hii niliikandamiza kwa kisahani na kokoto niliyoichemsha, nikafunika kitambaa, nikaiweka kando ya mtungi wa maji ya kunywa, penye ubaridi. Siku ya pili vipovu vikaanza kupanda. Nikatega sikio: chwi, chwi, kama inasengenya. Bibi yako akaja mbio.

"Inatoa povu! Unapika pombe nyumba ya watu wanaoswali?"

Akaikamata. Nikamshika mkono, mkono wa mama mkwe, astaghafirullahi!

"Mama, nusa kwanza. Ukisema mwaga, nitamwaga mwenyewe."

Akanusa. Akakunja uso, akanusa tena.

"Si harufu ya juzi," akasema polepole. "Wala si ya tembo la mnazi. Sasa hii ni nini?"

Akaiweka chini. Tangu hapo, kila asubuhi nilimkuta ameshaiinamia kabla yangu. Siku ya saba akachota kwa vidole, akala, akachota tena.

"Chumvi imezidi," akasema, mdomo umejaa.

Basi nisikilize. Kitu usichokielewa, kinuse kabla ya kukimwaga. Na usidhani ulichokijua kwenye ndimu kinatosha kwenye kabichi. Uliza, hata kama umesoma kuliko unayemuuliza. Mimi niliozesha kabichi nzima kwa kiburi cha kutouliza swali moja, na hadi leo najikasirikia.

Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, akupe na mama mkwe anayekubali kunusa kwanza. Amin.