Siku ngoma yangu ilipommeza Bwana DC pale Usoke (sidechain kwa wanaobishana)

Wakuu, mwangaluka. Mtakaonipa shikamoo nawaitikia mapema kabisa: marahaba.

Nimeona mnagombana humu kuhusu sidechain ya kompresa. Mimi ni mzee wa Tabora, naandika kwa kidole kimoja. Ninayosema yalinikuta mwenyewe, sikuhadithiwa.

Kompresa inapunguza sauti ikizidi. Kawaida inaisikiliza sauti ile ile inayoipunguza.

Sidechain ni tundu la pembeni. Unachomeka sauti nyingine pale, na hiyo ndiyo inatoa amri. Kick, yaani ngoma kubwa, ikilia, bass inainama. Basi.

Sasa kisa.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa napiga ngoma kubwa kwenye bendi ya dansi mjini Tabora. Tukapelekwa Usoke kumpamba Bwana DC, mkuu wa wilaya, aliyekuwa anakwenda kuwatangazia watu sheria za msitu.

Alifuatana na fundi wa Kizungu, sisi tukimwita Bwana Waya. Alikuja na jenereta, vipaza sauti, na kisanduku cha chuma, ndiyo kompresa yenyewe, alichokipangusa kama mtoto mchanga.

"Bwana DC akisema, muziki utashuka wenyewe," akatuambia. "Hata ngoma itajifunza adabu."

Tukaitikia, "Ndiyo, Bwana." Ungesema nini?

Kumbe nyaya mbili kazipishanisha. Sauti ya DC ndiyo iliyoingia kupunguzwa. Ngoma yangu ikaingia tundu la pembeni, kwenye kiti cha kutoa amri!

Sisi tunapiga polepole, DC anasoma. Na muziki unavuta ulimi jamani, hata wa mtawala. Kila nikipiga du, naye anaanza sentensi, na maneno yake ya kwanza yanamezwa.

Alisema, "Ni marufuku kurina asali bila kibali!"

Watu walisikia: "...kurina asali bila kibali!"

Uwanja ukalipuka vigelegele.

"...kukata miti!" Vigelegele. "...kuchoma mkaa!" Akina mama wakaanza kucheza.

DC uso ukamng'aa. Hakuwahi kupendwa hivyo.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, mdomo wake nausikia moja kwa moja, na spika naisikia. Nikaelewa. Nikamtazama Salumu, kiongozi wetu, mpiga saksafoni. Akaninong'oneza, "Usibadilishe hata kidogo."

Bwana Waya aligundua wakati wa kufungasha. Akawa mwekundu kama pilipili, akafunga sanduku bila kumwambia DC.

Haikupita wiki, mjomba wangu Kapela akakamatwa msituni na debe la asali. Akapelekwa mbele ya DC. Ndugu tukaenda, na nusu ya Usoke ikaja.

"Nani alikuruhusu?"

"Wewe, Bwana. Mbele ya watu wote."

Watu wakaitikia, "Kweli kabisa!"

DC akamgeukia Bwana Waya. Bwana Waya akawa anahesabu mabati ya paa.

Ndipo DC akaniona. "Wewe mpiga ngoma, ulikaa karibu yangu. Ulisikia nini?"

Wakuu, nikapiga hesabu. Nikisema ninachokijua, mjomba anakwenda jela. Nikisema uongo, namfuata.

"Bwana," nikasema, "nilisikia ngoma yangu."

DC akamtazama tena Bwana Waya, akaelewa.

Mtu huyu alikuwa ameshajisifu kwa Wazungu wenzake kwamba hakuna DC aliyeshangiliwa kama yeye kwa sheria za msitu. Akikubali kisanduku kilimla maneno, basi zile shangwe hazikuwa zake.

Akakohoa. "Huyu mzee," akasema, "kibali nilimpa kwa mdomo."

Mjomba akarudishiwa debe lake. Bwana misitu aliyemkamata ndiye aliyeambiwa aombe radhi.

Funzo, vijana: kabla ya kubishana kuhusu vitufe vya threshold na release, fuata waya. Jua ipi inaamuru na ipi inainama, maana kompresa haijui cheo cha mtu.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine amewahi kuona mkubwa akishushwa sauti na chombo chake mwenyewe?