Mapafu ya Fundi wa Pili

Nilikwenda mtaa wa Biryogo kuchukua suruali nikaambiwa fundi wangu amefariki. Aliyenipa habari ni jirani yake muuza chai, na kabla sijauliza lolote akaongeza: "Ni moyo, si mapafu." Alisema hivyo kama mtu aliyeshinda kesi. Msibani niliyasikia maneno hayohayo kwa wanaume wengine. Nimesoma kiasi cha kujua kwamba madhara ya moshi wa sigara hayaishii mapafuni, lakini msibani si mahali pa kubishana. Hasira yangu nimekuja nayo hapa, kwenye safu hii.

Wanaonisoma wanajua msimamo wangu: mtu mzima ana haki ya kuuharibu mwili wake bila kuomba ruhusa ya serikali. Katika hilo mimi na marehemu tulikuwa upande mmoja. Sigara ilipokatazwa mahali pa watu, aliacha kuvuta kwenye meza za chai barabarani, akahamia ndani ya chumba chake cha kushonea na kuurudishia mlango. Chumba cha kazi nacho kimo katika marufuku, na ukutani palikuwa na tangazo linalosema hivyo. Alilifunika kwa suruali za wateja. Wakaguzi walipokuja aliziondoa, wakaliona tangazo, wakaridhika, wakaenda zao. "Mwili wangu, chumba changu," aliniambia. "Asiyetaka moshi, mlango ule pale."

Asiyetaka moshi alikuwa ameketi nyuma yake. Ni mama mwenye pumu, aliyepanga kona ya chumba hicho na cherehani yake, na wateja wake wote walimjua kwa mlango ule. Kuhama kungekuwa kuanza upya.

"Muzee, toka na hiyo kitu," alimwambia siku moja nikiwa napimwa.

"Nitoke wapi? Barabarani marufuku. Wataka nikamatwe, mama?"

"Kwa hiyo mimi ndiyo nife?"

Wakacheka wote wawili, kisha mama akakohoa mpaka akashindwa kutunga uzi.

Mama huyo ni Mkristo, lakini sijaona mtu anayeingojea Ramadhani kama yeye. Mwezi huo marehemu hakugusa sigara mchana kutwa, wala hapakuwa na askari wa kumchunga. Nilimwuliza: ikiwa unaweza kwa hiari yako, kwa nini usifanye hivyo miezi mingine kwa ajili ya mwenzako? Akaacha kukanyaga cherehani. "Ile naacha kwa ajili ya Mungu, ndugu yangu. Huyu ni mpangaji."

Mama akadakia bila kuinua kichwa: "Basi mwombe Mungu aongeze Ramadhani."

Kinachonikera ni kwamba sote, wavutaji na wakaguzi na waandishi kama mimi, tumebishana muda wote huu juu ya mapafu ya marehemu. Yaliyokuwa hatarini ni ya mama huyu. Kumwonyesha mtu mlango ni jibu zuri iwapo ana pa kwenda. Sheria nayo iliisafisha barabara, ikausukuma moshi hadi kwa mtu asiye na pa kukimbilia, kisha ikatosheka na karatasi ukutani.

Baada ya mazishi nilimkuta mama kazini. "Watu wananipa pole, halafu wananiambia sasa utapumua," alisema. "Mimi nilitaka aende kuvutia uani. Sikutaka afe." Akanionyesha mlango wa nyuma. Nyuma ya chumba kuna ua mtupu, hakuna anayepita wala anayefanya kazi pale, na hakuna sheria ambayo ingemfuata huko.

Sijabadilisha msimamo wangu juu ya miili yetu. Lakini sisi tunaopenda uhuru tuna kazi ambayo hatuifanyi: kwenda uani wenyewe, kabla hatujatumwa. Anayemfukizia moshi mtu asiyeweza kuhama haizuii serikali mlangoni. Yeye ndiye anayeiita.